Andalio la somo la mwanafunzi mmoja: Jumanne yangu kuanzia alfajiri

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Mke wangu ni muuguzi, na siku tatu kwa wiki hufanya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, inayoanza saa moja asubuhi na kwisha saa moja jioni, kwa hiyo Jumanne nyumba yetu hapa Houston huamka mapema kuliko majirani wote. Nilichemsha chai ya tangawizi, nikamfungia kiporo cha wali, tukaswali alfajiri, ambayo mwezi huu wa Oktoba huingia baada ya saa kumi na mbili, naye akaondoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu huku akiniachia maagizo mlangoni kuhusu nywele za binti yetu, maagizo ambayo nilijua kwamba sitayafuata yote.

Nusu saa iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nilifungua daftari la mistari na kuandika andalio la somo. Marehemu baba alikuwa mvuvi, lakini mama yangu alifundisha darasa la kwanza mjini Tanga kwa miaka mingi, nami nimekua nikimwona kila jioni akiwa ameinama karibu na taa ya chemli, akijaza mada, zana, hatua za ufundishaji, tathmini na maoni. Wakati huo niliona ni adhabu waliyopewa walimu. Sasa mimi ndiye mwalimu wa shule ya nyumbani yenye mwanafunzi mmoja, binti yetu Zuhura, mwenye umri wa miaka 6, na safu zangu ni zile zile za mama.

Mwanzoni nilikosea sana. Niliandaa azimio la kazi la mwaka mzima, lenye vipindi vya saa nzima nzima, kana kwamba nilikuwa na watoto arobaini wa kuwatuliza, na kufikia wiki ya pili mwanafunzi wangu alikuwa chini ya meza akilia, mwalimu naye akiwa karibu kumfuata. Mama aliponisikia kwenye simu alicheka, kisha akaniuliza, "Wewe, mtoto mmoja unamfundisha saa nzima, unamwagia maji kwenye kikombe kilichojaa?" Tangu hapo ninaandika mistari mitatu tu kwa siku: jambo moja la kusoma, jambo moja la hesabu na kazi moja ya mikono, na hakuna linalozidi dakika 20. Kazi yenyewe iko kwenye kuandaa, kwa maana dakika 20 za mtoto wa miaka 6 zinaweza kunigharimu saa nzima ya kukata kadi na kujiuliza atakwama wapi.

Saa moja asubuhi

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

Hakujibu. Alikuwa akilitazama dirisha, ambalo lilikuwa na kiza bado, kisha akaitazama saa ya ukutani. "Baba, hii ni saa moja ya asubuhi au saa moja ya usiku?"

Yafaa nieleze habari ya saa hiyo. Zuhura alipokuwa shuleni mwaka jana alifundishwa kusoma saa kwa Kiingereza, na nyumbani sisi tukaendelea kusema saa moja, saa mbili, huku mshale mfupi ukiwa kwenye saba na nane, jambo lililomfanya aamini kwamba baba yake hajui kusoma saa. Siku moja nilitoa kioo cha saa ile, nikabandika kipande cha karatasi nyekundu nyuma ya mshale mfupi, upande wa pili wa kitovu, kama mkia. Kichwa cha mshale kinapoelekea saba, mkia unaelekea moja. Kinapoelekea tatu, mkia uko kwenye tisa. Namba zinazotazamana kwenye saa hupishana sita sikuzote, na tofauti yetu na Waingereza ni sita hiyo hiyo, kwa hiyo kichwa kinasema Kiingereza na mkia unasema Kiswahili. Alilishika jambo hilo asubuhi moja.

Lakini mkia haukuweza kumjibu swali la giza. Kule Tanga jua halisogei mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima, na ndiyo sababu wazee wetu waliweza kuhesabu saa kuanzia macheo, ilhali hapa, mwanzoni mwa Oktoba, jua hutoka baada ya saa moja na dakika kumi. Nilimwambia kwamba swali lake ni zuri na kwamba litaingia kwenye andalio la kesho. Alikunja uso, kwa sababu anajua kwamba baba akisema kesho maana yake ni kwamba hajui aanzie wapi.

Saa mbili na nusu asubuhi

Somo la kusoma. Ba be bi bo bu tulikwisha kuzimaliza tangu Agosti, maana herufi za Kiswahili ni waaminifu: unachokiona ndicho unachokitamka, na mtoto akishazishika silabi anaweza kusoma hata neno asilolijua maana. Taabu huanza kwenye herufi zinazokwenda kwa makundi. Leo nilimwandalia kadi mbili nilizozikata kwenye boksi la nafaka, moja imeandikwa *ngoma* na nyingine *ng'ombe*.

Akasoma "ngoma" vizuri. Akasoma "ngombe" kwa sauti ile ile.

Nilimwonyesha kile kinukta kilichoning'inia juu na kumwambia kwamba ndicho kinachoipeleka sauti puani. Nikamwambia azibe pua kwa vidole viwili, aseme *ng'ombe*. Akaziba, akajitahidi, uso ukamwiva, na sauti ikagoma kabisa mwanzoni mwa neno; alipoachia pua ikatoka kama kizibo. Aliangua kicheko na kutaka kurudia mara nane. Kisha akatulia ghafla na kusema, "Baba, hii ni ya mwisho kwenye *king*!"

Kweli kabisa, ni sauti ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na Kiingereza asubuhi nzima, kumbe ndicho kilichokuwa kimeketi upande wangu. Niliandika kwenye safu ya maoni: sauti anayo tayari, anachohitaji ni kuizoea mwanzoni mwa neno. Kesho yatafuata *ng'oa*, *ng'ara* na *ning'inia*, bila haraka.

Saa tatu asubuhi

Kichwa cha mshale kilipofika tisa tulimpigia bibi yake, na kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwa kuwa msimu huu Tanga wako mbele yetu kwa saa nane. Zuhura hulihesabu hilo kwa vidole kabla sijabonyeza simu: tatu, kisha nane zaidi, kumi na moja. Hesabu hiyo siiandiki kwenye andalio, lakini huenda ndiyo anayoifanya kwa moyo kuliko zote.

"Hujambo, mke mwenzangu?" mama alimwita kwa utani wao.

"Sijambo, shikamoo bibi. Leo nimeziba pua."

Baada ya kuelezwa habari ya ng'ombe, mama aliomba kuzungumza na mwalimu, akanitaka nimsomee andalio, nami nikalisoma nikiwa nimesimama bila kujua kwa nini nimesimama. Alisahihisha jambo moja tu: nilikuwa nimeandika kwenye tathmini "ameelewa", naye akaniambia neno hilo ni la mwalimu mvivu, niandike alichokifanya mtoto. Nikafuta na kuandika: "amesoma ng'ombe mara 3 kati ya 5 bila kusaidiwa."

Majirani zake, alisema, bado wanamuuliza kama kweli serikali ya huku inaruhusu mtoto kukaa nyumbani. Nilimweleza kwa mara nyingine kwamba hapa Texas wazazi walishtaki tangu 1985, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha kwamba shule ya nyumbani inahesabiwa kuwa shule ya binafsi, mradi mzazi anafundisha kweli kwa mtaala ulioandikwa, na ndani yake mna kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna kujiandikisha wala mtihani wa serikali. Mama alinyamaza kidogo. "Basi mkaguzi wako ni mimi," akasema, na mimi sikuwa na pingamizi.

Kabla hatujaagana nilimpa swali la giza. Hakutaka kulijibu. "Una chungwa ndani?" akauliza. "Anza na chungwa na tochi."

Saa nne asubuhi

Hesabu kwa maharage. Tunajenga vichungu vya kumi kumi, na hapa Kiswahili humbeba mtoto kwa mgongo, kwa sababu kumi na moja ni kumi kweli na moja kweli, anaziona mezani. Kisha tukafika kwenye vichungu viwili na akaniuliza kwa nini hatusemi "kumi mbili". Nilimwambia kwamba ishirini, thelathini na ndugu zao walitujia kutoka Kiarabu. Akazihesabu tena, akaamua kwamba "kumi mbili" ni bora, na kwa leo nikamwachia. Hakuwa amekosea hesabu.

Saa sita mchana

Maharage mengine yalikuwa yamelala kwenye maji tangu jana. Kazi ya mikono ya leo ilikuwa kuosha mchele, kupima maji kwa kikombe na kufungua kopo la tui. Tulikula, nikasuka nywele mistari minne iliyopinda, na hapo pana mengi ambayo si lazima yaandikwe.

Saa nane mchana

Kazi inayotulipia pango ni ukalimani wa simu. Nakaa chumbani na hedifoni, nikiunganisha Kiswahili na Kiingereza kwa watu walioko hospitalini, shuleni na ofisini kote Marekani, na wengi wao ni wenzetu kutoka Kongo. Wakati huo Zuhura huteremka kwa mama jirani, mzaliwa wa Bukavu huko Kongo, ambaye watoto wake hurejea kutoka shuleni saa tisa; nami kila Jumamosi huwafundisha wanawe hesabu, ndiyo malipo tuliyokubaliana.

Leo alishuka amebeba sahani ya mama huyo iliyokuja na sambusa Jumapili. Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo tuliweka wali na maharage, yeye akabeba kwa mikono miwili ngazi zote kumi na nne, mimi nikimfuata nyuma nikiwa nimeshikilia pumzi. Kwenye daftari jambo hilo limeingia chini ya uraia mwema, na sioni kama nimemdanganya hakimu yeyote.

Simu zilikuja moja baada ya nyingine hadi saa moja jioni. Ya simuni yanabaki simuni.

Saa moja na nusu jioni

Nilikuwa nikivua hedifoni niliposikia miguu ikipanda ngazi mbio. "Baba! Baba! Bibi yako amefika!"

Kwa nukta moja nilimwona mama yangu mlangoni na sanduku lake la Tanga. Kisha akaingia mke wangu, amechoka, ameshika viatu mkononi. Kwa Wakongo wengi bibi ni mke, na mtoto wetu, ambaye mwaka jana alikuwa akijibu kila neno letu kwa Kiingereza, sasa amerudi kutoka ghorofa ya chini na Kiswahili cha Bukavu. Kule kujibu kwa Kiingereza ndiko kulikotutoa shuleni, kwa kweli. Walimu walikuwa wema, lakini kila wiki alikuwa akirudi na maneno ya Kiswahili yaliyozidi kupungua, ya kutuambia sisi na ya kumwambia bibi yake. Mke wangu alikaa sakafuni kwa kicheko. "Sasa una bibi wawili," akaniambia, "na wote wanakagua daftari lako." Kiingereza ni zamu yake, siku asizokuwa kazini, na yeye huandaa kwa haraka kuliko mimi na hufundisha vizuri zaidi.

Saa tatu usiku

Zuhura amelala. Nimeandika andalio la Jumatano. Chungwa litamweleza kwa nini bibi anakula chakula cha usiku sisi tukiwa hatujala cha mchana. Giza la saa moja lina jibu jingine, kwamba watu wa hapa walisogeza saa zao mbele mwezi Machi na watazirudisha nyuma Novemba, na siku hiyo Tanga itakuwa mbele yetu kwa saa tisa, na vidole vyake vitalazimika kuhesabu upya. Hilo nimeliwekea ukurasa wake.

Zana: saa ya mkia, tochi, pini mbili za kuonyesha Tanga na Houston, chungwa 1.

Nilipofungua friji nilikuta limebaki moja, na mke wangu hupenda kula chungwa kabla ya kulala. Nimebandika karatasi juu yake: *Chungwa hili ni la shule.*