Chakula hiki kimetoka wapi?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na jambo moja. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu, na tunachangisha fedha za paa la kigango. Ukaja mchango mnono, watu wakapiga makofi na vigelegele. Tulipokuwa tunatawanyika, mama mmoja akanivuta pembeni. Anafua na kupika kwa huyo mtoaji, na miezi kadhaa sasa hajalipwa. Hakulalamika. Aliniomba tu nikipata nafasi nimsemee.

Nimekuwa nikimwaza Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa Pili. Akiwa na miaka minne alipelekwa Thuringia, Ujerumani, kulelewa ukweni, na mwaka 1221 akaolewa na Ludwig, mtawala wa huko. Wengi tunamjua kwa ile habari ya mikate aliyokuwa akiwapelekea maskini, ikageuka mawaridi. Ni simulizi tamu, lakini ilikuja baadaye, na naona inatuponza: tunashangilia maua, mkate tunausahau.

Mimi nimeshikwa na jambo walilolisimulia wajakazi wake wenyewe mbele ya wachunguzi wa Kanisa. Mezani, kwenye ngome ya Wartburg, Elizabeti hakuanza kula bila kuuliza: hiki kimetoka kwenye mali halali ya mume wangu, au maofisa wake wamewanyang'anya wakulima? Kikiwa cha dhuluma, hali. Anamega mkate na kusogezasogeza sahani ili wageni wadhani anakula, kumbe njaa inamuuma mbele ya meza iliyojaa. Ikitokea kinywaji ni halali na chakula sicho, anawaambia wenzake Guda na Isentrud kwamba leo ni kunywa tu. Vyote vikiwa halali, anapiga makofi kwa furaha. Na mumewe hakumkataza.

Huyo ni msichana ambaye hata miaka 20 hajafikisha! Njaa ilipoingia mwaka 1226, Ludwig akiwa safarini Italia, alifungua maghala na kulisha maskini, akawahudumia wagonjwa katika hospitali aliyoianzisha chini ya ngome. Mwaka uliofuata mumewe alifariki Otranto akielekea Vita vya Msalaba. Mjane huyo alijenga hospitali nyingine Marburg, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake, akafa mwaka 1231 akiwa na miaka 24. Papa Gregori wa Tisa alimtangaza mtakatifu mwaka 1235. Lakini ukarimu wake wote ulianzia pale mezani, kwa kuuliza.

Sisi je, tunauliza? Viongozi wenzangu, tunapenda mno kusoma majina ya waliotoa kikubwa. Hatutaki kujua zaidi, maana tukijua itabidi tuseme. Na wewe mama, wewe baba, unayewahi Misa ya kwanza na bahasha ya zaka, huku nyumbani dada wa kazi anazungushwa, mara mwisho wa mwezi, mara subiri shemeji yako atume: hiyo sadaka ni ya yule dada, wewe umeibeba tu. Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio hivyo vinafika masikioni mwa Bwana. Tuimbe kwa sauti gani hata tuvizidi? Zakayo hakumwambia Bwana atachangia hekalu. Alisema kama amemdhulumu mtu, atamrudishia mara nne.

Sikukuu ya Mtakatifu Elizabeti ni tarehe 17 Novemba. Kama kuna mtu anakudai jasho lake, kibarua wa shamba, fundi, mlinzi, dada wa kazi, usingoje siku hiyo. Mwite umlipe leo. Kama huna zote, mpe ulizonazo, mtajie siku ya kumalizia mbele ya shahidi, na usimpe nguo kuukuu ukamwambia ahesabu na hiyo.