Filamu ya mapepo tuliyoitazama Kirumba

Jana usiku, nyumbani kwetu Kirumba, nilitazama pamoja na shangazi filamu ya Marekani iitwayo Repossessed, ya mwaka 1990, inayoifanyia mzaha The Exorcist ya mwaka 1973. Kinachoipa nguvu ni kwamba Linda Blair, aliyecheza msichana mwenye pepo katika ile ya kwanza, anarudi akiwa mama wa nyumbani ambaye shetani anamwingia tena kupitia runinga, naye Leslie Nielsen ni padri mzee anayetakiwa kumtoa.

Nilihofia kwamba shangazi angekasirika, kwa kuwa yeye ni mwanamaombi wa miaka mingi na amewashika mikono watu waliokuwa wakigaagaa sakafuni. Padri alipotapikiwa, shangazi aliweka chini sahani yake ya sato, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa akicheka hadi machozi. Alinyamaza pale tu wahubiri wa runinga walipoamua kurusha moja kwa moja tendo la kumtoa pepo ili wapate watazamaji.

"Mwanangu, hapo wamesema kweli," aliniambia. "Mgonjwa hafanywi tamasha."

Mizaha mingine ni ya ovyo, na sikuipenda. Lakini mimi niliyekua nikiogopa kutazama dirishani kila upepo wa ziwa ulipogonga bati, nilifurahi mno kuucheka woga ule nikiwa kando ya shangazi, ambaye kabla ya kulala aliomba kwa sauti ya chini, kama kawaida yake, kisha akaniuliza kama ipo nyingine.