Dishi, mvua na Tukuyu

Jana hapa Tukuyu mvua ilikata picha dakika za mwisho za mpira. Mjomba akatoka, jani la mgomba kichwani, akaanza kulifuta dishi kwa kanga ya shangazi (kesi hiyo bado haijaisha). Nikamwambia, "Mjomba, si uchafu. Mvua inameza mawimbi, setelaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu ya ikweta."

"Na sisi Waafrika tunayo yetu?"

Nikamweleza RASCOM, shirika la setelaiti la nchi za Afrika: nchi zetu ziliungana, setelaiti yake ya kwanza ikarushwa Desemba 2007. Ikavuja gesi ya heliamu mapema tu, mbadala wake ukapanda Agosti 2010.

Mjomba hoi kwa kicheko. "Kumbe hata huko juu bomba huvuja!"

Mpira tulimalizia redioni.