Treni ya Skagway: tulipe au tubaki melini?

Bei ya treni ya kitalii ya Skagway, mji wa bandari huko Alaska ambako meli yetu ingetia nanga, ilikuwa karibu dola 150 kwa mtu mzima. Sisi tulikuwa watu wazima watatu na binti yetu wa miaka 11, ambaye angelipiwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya dola 500 kwa saa kama tatu za kukaa kwenye behewa, kupanda mlima, kufika juu na kurudi palepale ulipopandia, bila hata kushuka ukanyage ardhi. Mke wangu alipofika hapo kwenye "hakuna kushuka" alicheka mpaka akaweka simu mezani.

"Yaani tunalipa kwenda kugeuza?"

Tunakaa kusini mwa Seattle, na meli nyingi za kitalii zinazokwenda Alaska wakati wa kiangazi huondokea hapahapa mjini, kwa hiyo tiketi za ndege hazikutuumiza. Mama alikuwa ametoka Voi miezi kadhaa nyuma kuja kukaa nasi. Ana miaka 73. Macho yangali makali na masikio ndiyo usiseme, lakini magoti hayamtii tena. Ngazi tatu tu anaziangalia kama deni. Baada ya kulipia vyumba viwili melini, mfuko ulibaki na nafasi ya ziara moja kubwa. Bandari nyingine zote tungeshuka tukatembea kwa miguu, tukaangalia madirisha ya maduka na kurudi kula chakula cha meli ambacho tayari kilikuwa chetu.

Binti alitaka ziara ya kuona nyangumi wa Juneau, bandari nyingine ya njiani. Mke wangu alitaka tusilipe chochote. Mimi nilitaka treni, na sababu yangu sikuitoa mezani kwa kuwa ilikuwa ya kitoto: marehemu baba alikuwa gadi wa reli. Nimekulia kwenye nyumba za reli, usiku nikiijua saa kwa honi ya treni ya Mombasa. Ukimpa mtu wa namna hiyo kazi ya kuamua kama treni inafaa, umempa fisi bucha alinde. Nilijua hilo, kwa hiyo nikajilazimisha kuwa mkali.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba swali la "ni nzuri au si nzuri" halisaidii kitu. Kila aliyepanda atakwambia ni nzuri. Alaska yote ni nzuri. Meli yenyewe inapita kati ya milima yenye theluji kutwa nzima, unaangalia kutoka kwenye sitaha ukiwa na kikombe cha chai mkononi, na hayo umeshayalipia. Nikajiuliza kitu kingine: treni hii itanipa nini ambacho meli hainipi, wala basi?

Maana basi lipo, na hapa ndipo nilipokaa siku mbili nzima. Kutoka Skagway kuna barabara inayopanda mlima uleule upande wa pili wa bonde. Mabasi madogo yanakupeleka kwa bei nafuu kuliko treni, yanasimama kwenye maporomoko upige picha, na mengine yanavuka mpaka kuingia Kanada. Kama lengo lako ni picha, sema ukweli tu, panda basi. Unashuka, unachagua pembe yako, hakuna kioo wala bega la mtu mbele yako.

Lakini huko kushuka na kupanda ndiko kulikomwondoa mama. Vituo vitano, kila kimoja na ngazi za basi, angebaki amekaa kwenye kiti akiangalia migongo yetu. Tena ziara zinazovuka mpaka zinadai kila mtu awe na pasipoti mkononi. Treni ya kileleni haidai, kwa kuwa hakuna anayeshuka upande wa Kanada. Kile kilichomchekesha mke wangu kumbe ndicho kilichokuwa kinatufaa. Mama angepanda mara moja, akae, mlima wote uje kwake dirishani, na choo kiko ndani ya behewa. Niliposema habari ya choo, mke wangu aliacha kucheka. Ana busara, yule.

Kilichonimaliza mimi ni tarehe. Reli hii, White Pass and Yukon, ilianza kujengwa Skagway mwezi Mei 1898, wakati watu kwa maelfu wakikimbilia dhahabu ya Klondike, ng'ambo ya milima upande wa Kanada. Mwaka 1898! Mwaka huohuo, si mbali na kwetu Voi, simba walikuwa wanawala wajenzi wa reli ya Uganda pale kwenye daraja la Tsavo. Reli yetu ilianzia Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901. Yao ilikamilika Julai 1900. Yetu upana wake ni milimita 1,000, yao ni 914. Tofauti ni upana wa kiganja. Ni ndugu wawili waliozaliwa pande mbili za dunia, mmoja kwenye jua na mwingine kwenye barafu. Hapo nikamwambia binti kwamba nyangumi tutawatafuta kwa macho, na nikalipa.

Nililipa kupitia meli, ingawa kununua moja kwa moja kungepunguza dola chache. Ukinunua kwa meli na treni ikakwama, meli inakusubiri. Ukijinunulia, ukichelewa ni shauri yako, utaiona ikiondoka. Kwa treni ya mwendo wa saa kama tatu na meli inayokaa bandarini mpaka usiku hatari ni ndogo, lakini nilikuwa na mama na mtoto, nikanunua usingizi wangu. Angalia pia siku ya mwisho ya kufuta bila kukatwa hela, na ukiwa na mtu wa kiti cha magurudumu sema mapema, kwani kuna mabehewa yenye lifti na si yote.

Skagway ni mji wa watu kama elfu moja tu, na meli tatu zikifunga gati siku moja wageni wanakuwa wengi kuliko wenyeji mara kadhaa. Asubuhi tuliyofika kulikuwa na upepo wa kukata masikio na mawingu yamekaa juu ya milima kama godoro. Mke wangu aliangalia juu, akaniangalia mimi, akanyamaza. Bahati ni kwamba tulifunga kwenye gati ambalo reli inapita ubavuni. Kutoka ngazi ya meli mpaka behewani ilikuwa mwendo wa dakika chache. Mfanyakazi wa reli aliweka kigoda cha chuma chini ya mlango, akampa mama mkono. Mama alipanda akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akapiga ukuta wa mbao wa behewa kwa kiganja, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

Tulikaa kushoto. Kwenda juu, bonde lote liko kushoto, na hilo watu wanagombania sana, lakini usipoteze urafiki kwa ajili yake. Kule kileleni injini zinafunguliwa, zinazunguka kwa njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili. Abiria wote wanaambiwa wasimame, wasukume mgongo wa kiti uangalie upande mwingine, na wabadilishane nafasi na wa ng'ambo. Aliyekaa kulia wakati wa kupanda anapata bonde lake wakati wa kushuka.

Treni ilikuwa bado imesimama mama aliposema, "Ameachia breki." Mimi sikusikia kitu. Sekunde mbili baadaye ndipo nikasikia ule mlio wa hewa, fsssss, na behewa likavutwa.

Urefu wa safari ni maili 20, kama kilomita 32, kutoka usawa wa bahari mpaka karibu mita 870 juu. Kuna mahali ambapo kwa kila mita 100 za kwenda mbele reli inapanda karibu mita nne, na unalisikia hilo kwenye injini za dizeli kabla ya kuliona kwa macho. Nusu saa ya mwanzo ni msitu na mto, na kama ingeishia hapo ningedai hela yangu. Baada ya hapo miti inapungua, reli inabana kwenye jabali lililolipuliwa kwa baruti, na chini ya dirisha hakuna tena kitu. Mabehewa yana kibaraza kidogo wazi kila mwisho, unaruhusiwa kusimama nje wakati treni inakwenda, na hicho kibaraza ndicho nilichokilipia. Meli haiwezi kukupa, basi haliwezi. Unashika chuma cha baridi, upepo unakupiga, unaona mbele kwenye kona injini za kijani na njano zikipita juu ya daraja la mbao na kuingia kwenye tundu la mlima, na unajua baada ya dakika moja ni wewe.

Binti, aliyekuwa amenuna tangu Juneau, alikataa kurudi ndani mpaka mikono ikawa myekundu.

Mbele zaidi kuna daraja la chuma la mwaka 1901, limesimama bondeni likiwa na kutu. Treni haipiti tena juu yake tangu 1969, inapita pembeni. Karibu na hapo msimulizi wa treni akaeleza habari ya Dead Horse Gulch, korongo la farasi waliokufa. Polisi wa Kanada hawakumruhusu mchimba dhahabu kuvuka bila chakula na vifaa vya mwaka mzima, mzigo wa karibu tani moja kwa kila mtu. Kabla ya reli mizigo hiyo ilibebwa na wanyama, na wapatao 3,000 walifia njiani. Nilimtafsiria mama polepole.

"Na wenyewe waliipata hiyo dhahabu?"

Wengi hapana, nikamwambia.

"Basi punda wamekufa bure." Akageuka dirishani. Baadaye kidogo akauliza wajenzi wa reli walikufa wangapi. Nikamwambia hesabu inayotajwa ni 35. Ya kwetu inatajwa kuwa karibu 2,500, wengi wao Wahindi. Hakusema kitu, ila mkono aliurudisha tena kwenye ule ukuta wa mbao.

Sasa kilele. Kilele sikukiona. Dakika kumi za mwisho tuliingia kwenye lile godoro la mawingu, na nje pakawa peupe kama maziwa. Bendera za mpakani niliziona nusu, nguzo bila vitambaa. Mke wangu alinitazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko maneno. Ndiyo hatari ya ziara hii na hakuna wa kumlaumu: unanunua miezi miwili kabla, na mlima haujui tiketi yako. Ingekuwa ukungu umeshuka mpaka baharini, makala haya yangekuwa mafupi na ya hasira.

Wakati wa kushuka mawingu yalibaki juu na bonde likafunguka lote, mpaka tukaona ncha ya bahari chini kabisa. Harufu ya breki za moto ikaanza kuingia ndani. Wazee wawili waliokaa mbele yetu wakaangaliana. Mama akainama akawaambia kwa Kiswahili, "Msiogope, ndiyo kazi yake." Binti akatafsiri, na yule bibi wa kizungu akamshika mama mkono, hakumwachia mpaka kona ya tatu.

Ukiniuliza, nitakuuliza kwanza unasafiri na nani. Shemeji yangu, ambaye hawezi kukaa kitini dakika ishirini bila kutafuta mtandao, nilimwambia apande basi au abaki mjini. Barabara kuu ya Skagway na makumbusho ya mbuga ya kihistoria ya dhahabu yatamtosha bila kumtoa hela nyingi. Mwenye watoto wadogo sana, hapana. Lakini mwenye mzee asiyepanda ngazi, au mwenye reli kwenye damu, asikawie kwenye mahesabu kama nilivyokawia mimi. Nyangumi, kwa taarifa yenu, tulimwona kesho yake kutoka kwenye sitaha, mgongo na mkia, bure.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilimwambia mama treni imo ndani ya tiketi ya meli. Usiku wa mwisho karatasi ya hesabu ikapenyezwa chini ya mlango wa chumba chake, alichokuwa akilala na binti, na asubuhi nilimkuta amevaa miwani, kidole kiko kwenye mstari wenyewe.

"White Pass," akasoma. "Nne."

Nikaanza kueleza. Akainua mkono nikae kimya. Aliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaisawazisha kwa kucha.

"Baba yako alinipandisha treni bure miaka ishirini na sita," akasema. "Tena na kulala."

Akaitia kwenye pochi yake. Mpaka leo hajanirudishia.