Usiku Nilipompeleka Shangazi Roma

Shangazi alikuwa amevunjika mguu, kafungwa plasta, naye si mtu wa kukaa kitako. Redio ilishamchosha, na wageni wa kumpa pole vilevile. Jioni moja nikamwambia, "Shangazi, leo nakupeleka Roma." Nikaweka Roman Holiday.

Filamu ile naipenda mno, kwa hiyo moyo ulinidunda kidogo. Ni ya 1953, haina rangi, na kisa chake ni chepesi: binti mfalme aliyechoshwa na ziara za kiserikali anatoroka usiku, anaangukia mikononi mwa mwandishi wa habari, wanazurura mjini kutwa nzima, wanapendana. Kiingereza hakikumpanda sana Shangazi, basi nikakaa karibu yake nikawa namnong'oneza maneno.

Kilichomnasa kwanza hawakuwa wale wapenzi. "Hawa wanaopita huko nyuma nao ni waigizaji?" aliuliza. Nikamweleza kwamba mwongozaji wake, William Wyler, hakutaka Roma ya kuchongwa studio. Alipeleka kamera Italia kiangazi cha 1952, akapigia picha mitaani kwenyewe. Tangu hapo Shangazi akawa anautazama mji kama mtu aliyefika. Audrey Hepburn, ndiye binti mfalme, ameketi kwenye ngazi za Piazza di Spagna na aiskrimu yake, hana haraka, na kamera nayo haina haraka. Hicho ndicho ninachokikosa katika filamu nyingi za siku hizi, ambapo mji mzuri unapitishwa kwa juu sekunde chache, kisha tunarudishwa vyumbani kusikiliza watu wakibishana. Filamu za zamani zilikuacha ukae mahali mpaka upazoee.

Tukafika kwenye Bocca della Verità, ule uso mkubwa wa jiwe wenye mdomo wazi, unaosemekana kumng'ata mkono mwongo. Gregory Peck, ndiye mwandishi wa habari, anaingiza mkono, anapiga kelele, anauchomoa: kiganja hakipo! Hepburn anapiga ukelele, anamrukia kumvuta. Peck alikuwa amekificha ndani ya mkono wa koti bila kumwambia mwenzake, kwa hiyo hofu ile tunayoiona ni ya kweli. Shangazi naye aliruka, akasahau mguu, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Sehemu ile haikuhitaji mkalimani. Tuliirudia.

Mwisho wa filamu ndio ulionishangaza, maana nilidhani naujua. Binti mfalme amesharudi kwenye wajibu wake, amesimama mbele ya waandishi wa habari, na yule kijana yumo kati yao. Anaulizwa ni mji gani wa ziara yake uliompendeza zaidi. Anaanza jibu la kidiplomasia, kwamba kila mji una uzuri wake, kisha anakatiza na kusema ni Roma, na kwamba ataikumbuka maisha yake yote. Nilifungua mdomo nitafsiri. Shangazi akanishika mkono.

"Amemwambia," akasema. "Mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua ila yeye."

Nilikuwa nimeitazama filamu ile tangu ujana nikidhani Roma ni pambo lake. Kumbe mji ule ndio lugha pekee waliyobakiwa nayo wale wawili. Hawawezi kutaja mapenzi, basi wanautaja mji, na sisi tuliozurura nao kutwa tunaelewa kila mtaa uliomo ndani ya neno hilo. Hepburn alipewa Oscar kwa uigizaji ule, na kwangu sehemu ile peke yake ilitosha.

Kesho yake Shangazi akataka nyingine ya namna hiyo. Nikamwekea Summertime ya 1955, Katharine Hepburn (si yule Audrey) akiwa peke yake Venice, mji wa mifereji, na kamera yake ndogo, safari hii kwa rangi. Kabla haijaanza akaniuliza kama wale watu wa Venice nao ni wa kweli, akavuta mto, akaniambia nisogeze kiti kisimzibie mfereji.