Manukato ya limau na swali la "Inakaa?"

Katika duka dogo la vipodozi ninalolipitia mara kwa mara jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, nimesimama mara za kutosha kulijua swali la kwanza la karibu kila mwanamume anayeingia kununua manukato. Haulizi yametengenezwa kwa kitu gani, wala haombi kunusa kwanza. Anauliza, "Inakaa?" Muuzaji naye ana jibu lake tayari: "Inakaa kaka yangu, mpaka ufue shati." Kwa swali hilo na jibu hilo, chupa zenye harufu ya limau, ndimu, chungwa na chenza hubaki kwenye rafu, kwa sababu hazikai, na muuzaji mwaminifu hawezi kudai vinginevyo.

Mimi nimeyatumia manukato ya jamii hiyo kwa miaka tisa sasa, na ninaamini kwamba swali la "Inakaa?" limewatia wanaume wengi hasara. Anayependa limau akiona chupa ya shilingi elfu arobaini imeisha harufu kabla ya chai ya saa nne, anahitimisha kwamba kosa ni bei, kisha anaanza kudunduliza fedha anunue ya laki tano au saba yenye jina kubwa, akitumaini kwamba hiyo itakaa. Haitakaa sana. Harufu ya limau huruka upesi kwa maumbile yake, na kwa sababu hiyo hakuna aina ya manukato ambamo bei nafuu inaweza kushindana na bei kubwa kwa haki kama hii.

Tulipokuwa wadogo, umeme ukikatika, tulikuwa na mchezo wa kukunja ganda la chungwa mbele ya mwali wa mshumaa. Ukilibana kwa vidole, ganda hurusha manyunyu membamba usiyoyaona vizuri, na manyunyu hayo yakigusa moto huwaka kwa cheche ndogo na sauti ya kupasuka, halafu chumba kizima kinanukia kwa muda mfupi tu. Kinachowaka pale ni mafuta ya ganda, ambayo kwa chungwa zaidi ya asilimia 90 ni kemikali iitwayo limonini, na kwa limau ni takribani theluthi mbili. Chembe za limonini ni ndogo na nyepesi, hazishikamani na ngozi kama chembe nzito za udi, sandali au miski zinavyoshikamana. Ukijipulizia asubuhi, joto la mwili linazifukuza moja baada ya nyingine, na hakuna fundi wa Paris wala wa Dubai anayeweza kuzifunga kamba.

Ikumbukwe pia kwamba mafuta ya chungwa si kitu adimu. Brazili, nchi inayoongoza duniani kwa juisi ya machungwa, huyapata mafuta hayo katika kazi ileile ya kukamua juisi, na kwa hiyo ni miongoni mwa mafuta ya bei ya chini kabisa katika biashara ya manukato. Kilicho ghali ni bergamoti, tunda la jamii hiyohiyo ambalo hulimwa zaidi katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini mwa Italia, na neroli, yaani mafuta ya maua ya mdanzi. Danzi tunalijua, lile chungwa chungu linalotumiwa zaidi kwenye achari kuliko kuliwa. Ili kupata kilo moja ya neroli huhitajika takribani tani moja ya maua yanayochumwa kwa mkono, na hapo ninakubali kwamba bei ina sababu. Lakini wengi wetu tunaotafuta "harufu ya limau" hatutafuti neroli, na hata katika chupa za kifahari kiasi cha maua halisi mara nyingi ni kidogo.

Kazi yangu ni ya uhasibu katika ghala moja la kahawa, na chumba cha kuonjea kahawa kiko hatua chache kutoka mezani pangu. Siku za kuonja, vikombe hupangwa kwenye meza ndefu, maji ya moto humwagwa juu ya unga, na waonjaji huinama kunusa kabla hawajachukua kijiko. Mwaka wangu wa kwanza niliingia humo kuchukua karatasi za mizigo nikiwa nimejipaka mafuta mazito ya udi niliyopewa zawadi ya harusi. Mwonjaji mkuu, mzee mpole sana, aliweka kijiko chini akaniambia, "Mwanangu, hebu toka kwanza. Sasa hivi ninakunusa wewe, siinusi kahawa." Nikamwomba radhi, "Samahani mzee wangu," nikatoka. Tangu siku hiyo nilianza kuthamini manukato yanayojua kuondoka. Siku za kuonja sijipaki kitu chochote mpaka kazi iishe. Siku nyingine najipulizia limau saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa tatu hakuna anayesumbuka nayo.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kunusa. Kahawa ya mlimani kwetu ina uchachu, naye huutofautisha: limau hukata, chungwa hujaa kinywani, balungi huacha uchungu kidogo mwishoni. Alinipa maganda ya matunda hayo matatu nikiwa nimefumba macho, nikakosea mara mbili, akanirudishia mpaka nikapata. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia dukani. Manukato mazuri ya limau, hata yakiwa ya bei ya chini, katika dakika ya kwanza hutoa harufu ya ganda pamoja na uchungu wake, kana kwamba umelichana kwa ukucha. Yaliyo mabaya hutoa limau tamu lisilo na ganda, na pua inakumbuka pipi au sabuni ya kuoshea vyombo. Tofauti hiyo haitegemei bei kama watu wanavyodhani, na ni rahisi kuijua: beba ganda la limau mfukoni uende nalo dukani.

Chupa ninayoiheshimu kuliko zote ni 4711. Manukato mepesi ya aina hii, yaani kolonya, yalipata jina la mji wa Köln, Ujerumani, uitwao Cologne kwa Kifaransa, ambako Mwitaliano Johann Maria Farina aliyauza katika nyumba ya biashara iliyoanzishwa mwaka 1709. 4711 ilitoka katika mji huohuo mwishoni mwa karne hiyo, na jina lake ni namba ya nyumba. Ndani yake mna limau, chungwa, bergamoti, neroli, lavenda na rozmari katika spiriti nyingi, kwa kuwa kolonya kwa kawaida huwa na asilimia 2 hadi 5 tu ya mafuta yenye harufu. Mimi huagiza chupa kubwa kwa mtu anayefuata bidhaa Kariakoo, na hunitosha zaidi ya nusu mwaka ingawa najimwagia bila uchoyo.

Mwaka juzi rafiki yangu anayeongoza watalii aliachiwa na mgeni wake nusu chupa ya Colonia ya Acqua di Parma, kolonya ya Italia iliyoanza mwaka 1916, ambayo bei yake huko inakouzwa ni mara kadhaa ya 4711. Tuliipima Jumamosi moja ya Februari, joto la Moshi likiwa kali, yeye akinipulizia Colonia mkono wa kushoto na 4711 mkono wa kulia. Kwa dakika kumi za kwanza, nikiwa nimefumba macho, sikuweza kuapa ipi ni ipi. Baada ya saa moja mkono wa kulia ulikuwa umebaki na ubaridi hafifu tu, ilhali wa kushoto ulikuwa na kitu chenye waridi na mti, ambacho niliendelea kukipata hadi saa ya tatu nilipoukaribia kwa pua. Huo ndio ukweli wote kuhusu fedha iliyozidi: inanunua kinachobaki baada ya limau, hainunui limau. Mwenye uwezo anaweza kuona inafaa. Mimi nilijipulizia 4711 mara ya pili, tukaendelea na mazungumzo.

Lipo jambo moja la kihistoria linalofanya chupa za kati ziwe nzuri siku hizi. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska aliitengenezea nyumba ya Dior manukato ya kiume yaitwayo Eau Sauvage, na ndani ya limau na bergamoti akatia hedioni, kemikali yenye harufu nyepesi ya asumini inayoyapa matunda hayo hewa na mwili bila kuyafunika. Wakati ule lilikuwa jambo jipya. Leo hedioni hutengenezwa na viwanda mbalimbali na imo katika manukato yasiyohesabika, ya bei zote. Ujuzi uliokuwa wa kifahari umeshuka mpaka kwenye rafu zetu, na sioni sababu ya kuulipia tena kana kwamba bado ni siri.

Katika chupa hizo za kati, ninaipenda Chrome ya Azzaro, ya mwaka 1996, yenye limau na rozmari juu ya miski safi, inayofaa kabisa ofisini na ambayo hukaa kuliko kolonya yoyote. CK One ya mwaka 1994 nayo ni nzuri, ina bergamoti na chai ya kijani, na mke au dada anaweza kuitumia pia. Lakini uangalifu unahitajika. Niliwahi kuuziwa CK One ya bandia katika duka moja mjini Arusha, boksi likiwa limefungwa vizuri, na nilipofika nyumbani ilinukia spiriti na sukari tu. Niliporudi niliambiwa kwamba bidhaa ikifunguliwa hairudishwi. Tangu hapo sitoi fedha bila kupulizia kwenye karatasi na kuinusa tena baada ya robo saa.

Kuhusu pafyumu za kupima, zile za mafuta yanayochanganywa na spiriti mbele yako, sizikatai kwa udi wala kwa harufu za vanila, lakini kwa limau sizishauri. Chombo kikubwa hufunguliwa mara nyingi kila siku, na kinachotangulia kutoroka kila kinapofunguliwa ni kilekile ulichokifuata.

Mdogo wangu alijaribu njia ya mkato zaidi. Alijisugua shingo kwa ganda la ndimu mbichi, akaenda Kiborloni kutafuta viatu vya mtumba juani. Kesho yake shingo ilikuwa nyekundu na yenye malengelenge, na alama nyeusi zilidumu kwa miezi. Ganda la ndimu na la bergamoti lina kemikali zinazoifanya ngozi iungue ikikutana na jua, na jua la huku kwetu karibu na ikweta halisamehe. Manukato ya viwandani hudhibitiwa kwa kupunguza kemikali hizo, lakini ganda halisi halijapunguzwa chochote. Tafadhali, ndimu iwe ya mboga na samaki.

Kama nia ni kuongeza muda, jipake kwanza mafuta ya mgando kidogo pale utakapopulizia, maana ngozi kavu haishiki kitu, na puliza pia upande wa ndani wa shati la pamba, mbali na kola nyeupe ambayo inaweza kuingia doa la njano. Beba kichupa cha kupulizia cha mililita 10. Chupa kubwa iweke kabatini, gizani. Limonini huharibika kwa joto na hewa na kugeuka harufu kama ya tapentaini, na nyumba ya bati bila dari mwezi wa pili hapa Moshi huiharibu mapema. Kwa sababu hiyohiyo, dukani usichukue chupa ya maonyesho iliyokaa kwenye kioo cha mbele. Omba iliyo ndani ya boksi, rafu ya nyuma.

Arusha ni jambo jingine. Mji uko kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, na mwezi wa saba ukitoka nje asubuhi pale Sakina bila koti utajuta. Katika baridi hiyo kolonya hunyamaza. Ngozi haina joto la kuiinua, na unabaki na spiriti. Huko ndiko ninakovaa Club de Nuit Intense Man ya Armaf, ya Falme za Kiarabu, niliyoinunua kwa shilingi 110,000 chupa ya mililita 105. Wengi huilinganisha na Aventus ya Creed, ambayo bei yake hukaribia au kupita milioni moja. Dakika zake za kwanza ni limau kali kupita kiasi, na hapo Aventus ni laini zaidi, lakini baada ya nusu saa ukali hupungua, nanasi na moshi wa mti hujitokeza, na hiyo kweli hukaa.

Mdogo wangu anaoa Ngaramtoni mwezi huo wa saba, na ameniomba nimchagulie. Nimemwambia apulize Armaf mara tatu saa moja kabla ya kutoka nyumbani, ili limau kali liishie chumbani kwake. Chupa ya 4711 nitaibeba mimi, tutanawia mikono tukishamaliza nyama.