Mizunguko 10 ya Kyalami, nikiwa Sinza

Mwaka 2023, kwenye kufuzu kwa mashindano ya mbio za magari za kwenye kompyuta, mzunguko wangu bora ulikuwa wa 19 kwa kasi kati ya madereva zaidi ya 70, na bado sikufuzu. Nafasi zilikuwa 30. Nilipoiona orodha usiku ule nilidhani wamekosea, nikaipitia mara tatu. Hawakukosea. Majina hayakupangwa kwa mzunguko mmoja mzuri, yalipangwa kwa wastani wa mizunguko 10 mfululizo, na kwa wastani nilikuwa wa 44. Sheria hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Niliisoma nikaipita, maana moyoni niliamini kwamba mwenye kasi hakosi nafasi.

Mwaka uliofuata nilifuzu. Vijana wengi wananiuliza nilifanyaje, na wengi wanategemea niwatajie usukani wa bei kubwa.

Naendesha Assetto Corsa Competizione, programu ya Kiitaliano ya kuigiza mbio za magari iliyotoka rasmi mwaka 2019, ambayo ni ya GT3, daraja la magari ya mbio yanayotokana na magari ya barabarani. Nilianzia kwenye konsoli ya michezo kama wengi wetu, lakini huko ukifungua akaunti unachagua nchi, na Tanzania haikuwemo. Mashindano yanayogawa madereva kwa nchi zao yakawa yananipita. Nilipohamia kompyuta nikajiunga na mashindano ya wazi ya GT3 yanayoendeshwa Afrika Kusini, seva zikiwa Johannesburg. Kwa mtandao wa waya pale Sinza, Dar es Salaam, ujumbe kwenda Johannesburg na kurudi ulikuwa unachukua milisekunde 60 hivi, wakati Ulaya zilikuwa zaidi ya 150. Ukiwa bega kwa bega na mtu kwenye kona, tofauti hiyo unaiona kwa macho: gari la mwenzako linarukaruka, hujui uliachie nafasi kiasi gani.

Uwanja wa kufuzia ulikuwa Kyalami miaka yote miwili. Jina limetokana na Kizulu, khaya lami, yaani nyumbani kwangu, na Mswahili anayelijua neno kaya hahitaji mkalimani hapo. Upo Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, mzunguko wake ni kilomita 4.522, na Formula 1 ilishindaniwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na ya mwisho 1993. Kwenye programu uliingia mwaka 2020 katika kifurushi kimoja na Suzuka, Laguna Seca na Mount Panorama. Naupenda kuliko viwanja vyote. Kona ninayoiheshimu zaidi ni Mineshaft, shimo la mgodi, na ndivyo ilivyo: barabara inaporomoka mbele yako huku ukiendelea kukata usukani, nyuma ya gari panakuwa pepesi, na ukishtuka ukaachia mafuta ghafla unazunguka.

Baada ya kushindwa nilikaa wiki mbili bila kugusa usukani. Kisha nikanunua daftari. Kila jioni nikitoka kazini niliendesha mizunguko 20 na kuandika yote, hata ile ya aibu. Mzunguko bora kwa mbaya vilipishana kwa sekunde 1.9. Hapo nilipata jibu la swali la kwanza, la pili likawa: zinapotelea wapi?

Programu hii inaweza kutoa kumbukumbu za kila ulichofanya na kuzifungua kwenye MoTeC, chombo kilekile kinachotumiwa na timu za magari halisi. Mistari ya mafuta ilifanana mzunguko kwa mzunguko. Ya usukani vivyo hivyo. Mstari wa breki ndio ulikuwa vurugu. Kona moja, kibao kilekile cha pembeni ninachoanzia breki, lakini mara nimekanyaga asilimia 95, mara 70, mara nimefika 95 nikiwa nimechelewa.

Niliulaumu mguu kwa wiki nzima kabla sijaangalia chini. Usukani wangu ni Logitech G29 wa mkononi, na pedali yake ya breki haipimi nguvu unayokanyagia, inapima umbali iliosafiri. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki, pedali zimezuiwa na ubao ukutani. Kila nikikanyaga kwa nguvu, kiti kinarudi nyuma kidogo. Sentimita moja tu. Mguu unakumbuka umbali wa mzunguko uliopita, lakini umbali wenyewe umeshabadilika. Mizunguko miwili mitatu hulijui hilo. Kwenye kumi, linakumaliza.

Nikaenda Shauri Moyo, nikapata siti ya Toyota iliyotolewa kwenye gari la ajali kwa shilingi 90,000, nikaipeleka Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti. Nilimchorea fremu kwenye karatasi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hii ya nini, kijana wangu? Ya mgonjwa?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliniambia nikae kwenye siti, nikanyage ukuta kama ninavyokanyaga breki, naye akainama kuangalia goti na kisigino changu.

"Wewe umechora bomba jembamba huku mbele," akasema. "Nguvu yote inaishia hapa. Litapinda taratibu, wala hutaliona. Nikuwekee chuma cha pembe, halafu nivute mkanda mmoja mpaka chini ya siti, viwe kitu kimoja."

Alinitoza 180,000 na kazi yake ilikuwa na thamani zaidi ya hiyo. Juu yake niliongeza springi ngumu zaidi kwenye breki, kwa sababu ile ya kiwandani ni laini na raba ya ndani inagoma ghafla. Basi. Usukani ni uleule, kompyuta ni ileile.

Wiki ya kwanza nilikuwa mzito kuliko zamani, nikaogopa nimeharibu. Ya tatu, pengo kati ya mzunguko bora na mbaya likashuka hadi sekunde 0.9. Kufikia Machi 2024 lilikuwa 0.5.

Mengine niliyobadilisha yalikuwa madogo lakini yana uzito wake. Niliacha kubadilisha gari kila wiki kwa kufuata aliyeshinda juzi, nikabaki na Mercedes-AMG GT3 kwa sababu imetulia na inakusamehe. Nilisogeza vibao vyangu vya breki nyuma kwa mita tano hivi kwenye kona tatu ninazokosea zaidi. Kwa mzunguko mmoja unapoteza kidogo, ila huruki tena mstari mweupe, na kwenye mashindano haya ukikata mpaka wa barabara mzunguko unafutwa na hesabu ya kumi inaanza upya. Nikajifunza pia kuachia breki polepole huku gari likiingia konani, badala ya kuitupa yote kwa mkupuo.

Upepo wa tairi niliudharau muda mrefu. Katika toleo la sasa la programu, tairi za barabara kavu zinataka psi (kipimo cha upepo) 26 hadi 27 zikishapata moto, na zinapanda kadiri unavyoendesha. Nilikuwa naondoka gereji na upepo unaonipa mzunguko wa tatu mtamu, lakini ukifika wa nane tairi zimevimba na gari linateleza. Nikaanza kuondoka na upepo mdogo, nipashe moto kwa mizunguko mitatu bila kuhesabu, ndipo nianze. Mafuta nilijaza ya mizunguko 14, lita chache za akiba, si zaidi.

Kulikuwa pia na kiwango cha chini cha alama za usalama, zile ambazo programu inakupa kwa kuendesha karibu na wenzako bila kugusana. Zangu zilikuwa zimeliwa na seva za wazi, ambako kona ya kwanza ni vita. Niliziokoa kwa njia inayochosha: naanza mwisho, namfuata mtu kwa nyuma nusu saa nzima, simpiti mpaka aniachie njia mwenyewe. Ilinichukua mwezi na nusu. Nilipata faida ambayo sikuitafuta, nayo ni kusoma gari la mbele kabla dereva wake hajakosea.

Dirisha la kufuzu lilifunguliwa Ijumaa, 10 Mei 2024, lifungwe Jumapili ya tarehe 19. Nilipanga kuendesha Jumapili ya kwanza. Siku hiyohiyo, tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari zinazoliunganisha pwani yetu na Afrika Kusini zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Mnaikumbuka siku hiyo. Nilikaa kwenye siti yangu nikitazama seva isiyofunguka, na nitasema ukweli, machozi yalinilenga. Miezi kumi na moja ya daftari.

Programu yenyewe inafanya kazi bila mtandao. Nikaweka hali ya hewa na joto la lami sawasawa na la seva, nikaendelea na seti zangu za kumi, mbili kila jioni, kana kwamba zinahesabiwa. Mtandao ulirudi kwa kusuasua. Ijumaa usiku nikaingia, milisekunde zikiwa karibu 300 kwa sababu ujumbe ulikuwa unazunguka njia ya mbali. Kwa kufuzu hilo si tatizo kubwa, muda wako unapimwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Tatizo ni kutupwa nje. Nilitupwa nje mzunguko wa saba.

Jumamosi jioni nilirudi. Mzunguko wa tisa nikatoka nje kidogo, pale pale Mineshaft, tairi mbili. Ukafutwa, na pamoja nao ile minane ya mwanzo.

Nilinawa uso, nikala, nikalala kwa muda wa saa mbili. Saa nane usiku, watu wengi wakiwa wamelala na mtandao umepumua, mdogo wangu akakaa kwenye kochi kuangalia UPS, ile betri ya akiba, kama umeme ungekatika. Nilimwomba asiniambie muda wowote, nami nilifunika kona ya skrini inayoonyesha muda kwa kipande cha karatasi. Hilo nililigundua mazoezini: nikiuona mzunguko mzuri, unaofuata nautafuta kwa nguvu na kuuharibu. Bila muda, nilibaki na vibao, breki na sauti ya injini. Nilihesabu mizunguko kwa sauti. Nne. Tano. Wa sita niliingia kona ya Sunset kwa upana, nikajua nimepoteza, sikujaribu kuulipa.

Mdogo wangu ndiye aliyeng'oa ile karatasi. Wastani wa dakika 1 na sekunde 42.8. Bora 42.6, mbaya 43.1, ule wa sita.

Orodha ilitoka Jumatatu. Nilikuwa wa 24. Nilitafuta pia safu ya mizunguko bora, kwa sababu nilitaka kuijua: huko nilikuwa wa 37. Miongoni mwa walioachwa nje kulikuwa na kijana mmoja aliyeshika nafasi ya 11 kwa mzunguko mmoja. Nilimwandikia jioni ileile, nikamtumia picha ya daftari langu.

Jumanne mchana nilipita Gerezani kabla ya kwenda kazini. Mzee alikuwa ameinama juu ya geti, kioo cha kuchomelea kimefunika uso. Nilisubiri amalize.

"Ile fremu," akaniuliza kabla sijasema kitu, "imepinda?"

"Haijapinda, fundi. Nimeingia."

Alifuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono.